Njia ya Mwenda kwa Miguu

Kila mji una njia mbili: njia ya magurudumu na njia ya miguu. Ya kwanza ni pana, nayo hupewa lami, taa na askari wa kuilinda; ya pili ni nyembamba, nayo hupewa masalio. Mwenda kwa miguu ameuridhia mgawanyo huu kwa muda mrefu. Hakudai barabara, wala hakuomba gari limpishe lilipokuwa katika haki yake. Alilodai ni kijia chake tu, apite salama aende kazini, sokoni au shuleni. Leo hata kijia hicho kimeingiliwa. Nataka, msomaji, nikuonyeshe aliyekiingilia, niupime udhuru wake mbele yako, na mwisho nikuulize swali moja linalokuhusu wewe mwenyewe.

Simama asubuhi ya siku ya kazi kando ya Barabara ya Tom Mboya, katikati ya jiji la Nairobi. Watu wanashuka katika matatu na kujaa kijiani bega kwa bega. Ghafla honi inalia nyuma yao. Inalia juu ya kijia chenyewe, mahali ambapo honi haina haki ya kulia. Pikipiki inapenya umati. Mama aliyebeba mtoto mgongoni anaruka kando. Mchuuzi anavuta bidhaa zake. Mzee asiyeweza tena kuruka anakumbwa begani na kupepesuka. Mwendeshaji hageuki nyuma kutazama. Amefika kwenye taa nyekundu, naye anaipita kama kwamba rangi ile iliwekwa kuupamba mji. Mbele yake barabara ni ya kwenda upande mmoja, lakini yeye anakwenda upande wa pili. Ukiondoka hapo ukaenda Barabara ya Thika, utamkuta mwenziwe juu ya daraja lililojengwa kwa ajili ya watu wa miguu, anawasukuma kwenye vyuma vya pembeni watu waliopanda ngazi ili wayakimbie magari.

Mfikirie sasa kipofu mwenye fimbo nyeupe. Kwake kijia ni zaidi ya starehe: ndicho mji wenyewe. Amejifunza ukingo wake kwa ncha ya fimbo na kuhesabu hatua zake kwa uangalifu. Akisikia mngurumo mahali ambapo hapakustahili kuwa na mngurumo, aende wapi? Akirudi kulia ni ukuta. Akienda kushoto ni barabara. Anayemfukuza mtu kijiani humsukuma barabarani, chini ya magurudumu ya wengine. Hapa ndipo ubaya wa jambo hili ulipo. Kati ya mwaka wa 2021 na 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na katika hesabu hiyo ya huzuni waendao kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote. Sisemi kwamba wote waliuawa na pikipiki. Magari yana sehemu kubwa ya lawama. Lakini mtu akikimbia simba, ni dhambi kumfungia mlango wa nyumba aliyoikimbilia.

Nisiposema wema wa chombo hiki nitakuwa nimedhulumu, na dhuluma haiponywi kwa dhuluma. Bodaboda haikuzaliwa na ubaya. Katika miaka ya 1960, mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, vijana wenye baiskeli walibeba wasafiri na mizigo katika nafasi iliyotenga vituo viwili vya mpaka. Walinadi safari yao kwa neno la Kiingereza la mpaka, na neno likakaa vinywani mwa watu mpaka likawa letu. Baiskeli ile ilikwenda kwa nguvu za mwanadamu. Aliyeikanyaga alichoka, na uchovu wake ulikuwa breki ya pili. Baadaye kodi ya pikipiki ndogo ikaondolewa, bei ikawa nafuu, na injini ikachukua mahali pa mguu. Injini haichoki. Tangu hapo breki moja tu imebaki, nayo ni akili ya anayeendesha.

Kwa chombo hicho vijana wengi waliokuwa hawana kazi wamepata kazi. Kwa chombo hicho mama mwenye uchungu wa kuzaa, katika kijiji kisichofikiwa na gari la wagonjwa, amefika hospitalini usiku wa manane. Wako waendeshaji waungwana ambao husimama kwenye taa, huvaa kofia na kumpisha mtoto avuke. Hao nawavulia kofia yangu. Maneno haya hayawahusu, ila kwa kuwa jina lao linachafuliwa na wenzao kila siku.

Sheria nayo haikusahau. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, inamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu na koti linalometa katika mwanga. Inamruhusu kubeba abiria mmoja tu kwa wakati mmoja. Inaharamisha kuendesha chombo juu ya njia ya miguu. Mwendo ndani ya mji ina kikomo chake, nacho ni kilomita 50 kwa saa. Amri hizi ni chache, nazo hazihitaji elimu kubwa kuzifahamu. Kwa hiyo anayezivunja hawezi kusema hakujua. Husema mengine, na hayo mengine ndiyo ninayotaka tuyapime moja moja.

Udhuru wa kwanza ni njaa. "Nina hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki jioni," husema, "na watoto wangu wanataka chakula." Ni kweli kwamba wengi huendesha pikipiki za watu wengine, nao hudaiwa fedha kila siku, kazi ipatikane au isipatikane. Shida hii ni ya kweli, na mwenye moyo haicheki. Lakini mchuuzi anayekumbwa kijiani naye ana watoto, na mama anayeruka kando naye ana njaa nyumbani kwake. Njaa ya mmoja haiwi hati ya kuvunja mguu wa mwingine. Tena, mguu unaovunjika huenda ukawa wake mwenyewe. Wadi za mifupa katika hospitali zetu kubwa zimejaa vijana waliopanda pikipiki asubuhi wakitafuta chakula cha siku moja, wakapoteza chakula cha mwaka mzima.

Udhuru wa pili ni haraka. Huu tuupime kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chukua safari ya kilomita 5. Anayekwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mwisho ulioruhusiwa, hufika kwa dakika 6. Anayekwenda kilomita 70 kwa saa hufika kwa dakika 4 na sekunde 17. Amepata nini? Hakupata dakika mbili kamili. Amelipa nini? Elimu ya fizikia unayosoma darasani hufundisha kwamba nguvu iliyomo katika chombo kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Kwa hiyo pigo la kilomita 70 linakaribia kuwa maradufu ya pigo la kilomita 50. Tena kwa mwendo huo pikipiki hukata karibu mita 19 kila sekunde. Mtoto akitokea mbele yake, mita 19 hupita kabla mkono haujaikamata breki vizuri. Mfanyabiashara gani hununua muda usiotimia dakika mbili kwa bei kama hiyo? Wazee waliposema haraka haraka haina baraka walikuwa hawana vipima mwendo, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi.

Udhuru wa tatu ndio unaopendwa kuliko yote, nao umevikwa vazi la hekima: "Ajali haina kinga." Mtu akishagongwa, maneno haya hutajwa juu yake upesi kuliko dua. Msomaji, methali hii inatumiwa vibaya. Neno ajali tumelipata katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekewa uhai, ile siku ambayo mwanadamu hawezi kuisogeza mbele wala nyuma. Wazee walinena juu ya mauti yanayokuja yenyewe, wala hawakunena juu ya mauti yanayoitwa kwa honi. Jiwe likiporomoka mlimani likampata mpita njia, hiyo ni ajali. Mtu mwenye macho mawili akiiona taa nyekundu, akaijua maana yake, akaipita, hilo ni chaguo. Tukiliita chaguo ajali tunamwibia Mungu jina lake na kumwekea mkosaji mahali pa kujificha.

Tena si kweli kwamba kinga haipo. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mwendesha pikipiki aliyegongana hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kadiri ya asilimia 69. Kinga ipo, lakini tazama mahali ilipo. Imetundikwa kwenye usukani, au imevikwa kiwiko cha mkono, ikingoja kupanda kichwani askari atakapoonekana mbele. Mtu huyu anamwogopa askari kuliko kaburi. Ameifanya kofia kuwa kodi ya kulipa kwa serikali, hali ilikuwa zawadi kwa fuvu lake.

Udhuru wa nne ni mfupi, nami nitaujibu kwa ufupi: "Hata madereva wa matatu hufanya hivyo." Kweli hufanya. Basi wana makosa wawili badala ya mmoja. Uchafu wa jirani haujapata kuosha nguo ya mtu.

Lipo jambo lingine baya kuliko haya, nalo ni umoja wa uovu. Ushirika wa wafanyakazi ni kitu kizuri, lakini ushirika ukitumiwa kumtisha anayedai haki huwa genge. Pikipiki ikigongana na gari, mara nyingi wenziwe humiminika kutoka kila pembe, na kabla ya kuuliza aliyekosa huwa wamekwisha kumhukumu mwenye gari. Mwezi wa Machi 2022, katika Barabara ya Wangari Maathai mjini Nairobi, kundi la waendesha pikipiki lilimzingira dereva mwanamke na kumdhalilisha mchana, mbele ya macho ya watu. Nchi ilishtuka, na Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, akaamuru msako. Aibu ile haikuanza siku ile. Ilianza siku ya kwanza mmoja wao alipopanda kijiani na wenziwe wakacheka. Kosa dogo lililochekewa hukua.

Sasa nalileta swali nililokuahidi. Ni nani anayeununua mwendo huu? Mwendeshaji ni mchuuzi, na mchuuzi huuza kinachotakiwa. Nyuma yake yupo abiria ambaye ametoka nyumbani amechelewa, naye ananong'ona sikioni: "Fanya haraka, pita hapo pembeni." Abiria huyu hukataa kofia kwa kuwa itaharibu nywele zake. Huwaita wenziwe wawili wapande pamoja ili nauli ya mmoja iwatoshe watatu. Mara nyingi, msomaji, abiria huyu amevaa sare ya shule. Je, ni wewe? Ikiwa ni wewe, usimlaumu mwendeshaji peke yake. Sheria ya haki inajua tangu zamani kwamba anayenunua mali ya wizi ni mshirika wa mwizi, na dakika inayoibwa kijiani kwa mama aliyebeba mtoto ni mali ya wizi.

Hukumu hii ni nzito, lakini dawa yake ni nyepesi kuliko ya maradhi mengi ya nchi yetu. Haingoji bunge wala fedha za serikali. Inataka utoke nyumbani robo saa mapema. Inataka useme maneno matatu kabla ya kupanda: "Nipe kofia", "Twende wawili", "Shika barabara." Mwendeshaji akikataa, mwache aende, upande ya mwingine. Wakikataliwa na abiria kumi asubuhi moja, watajifunza kabla ya jioni yale ambayo askari hawakuweza kuwafundisha kwa mwaka. Kijana anayeutaka mwendo wa polepole na kuulipia anafanya kazi ya hakimu bila kuvaa joho.

Usidhani kwamba haki ninayoitetea ni ya watu wengine. Hakuna mtu aliyezaliwa juu ya pikipiki. Mwendeshaji akiisha kuizima injini yake jioni, huvuka barabara kwa miguu kwenda kununua unga, na mama yake mzee hupita kijiani kwenda kanisani au msikitini. Wewe nawe utashuka leo mahali fulani, ulipe nauli yako, na hatua ya kwanza utakayoipiga itakuwa ya mwenda kwa miguu. Itazame njia uliyoikanyaga, ukumbuke ulivyopita juu yake dakika moja kabla.