Mzee Hajafa, Nyayo Ndizo Zilizokufa Ganzi

"Mzee akae, vijana tupo." Majuzi nimeisikia tena kauli hii, msibani Temeke, kijana akimzuia baba yake mwenye kisukari asitembee na wenzake kwenda makaburini. Waombolezaji wakamsifu kwa adabu. Mimi adabu hiyo naiita kumzika mtu kwa awamu.

Kisukari cha miaka mingi hula mishipa ya fahamu, kikianzia vidole vya miguu. Nyayo zikishakufa ganzi, hazimwambii tena mtu kama amekanyaga saruji, zulia au mchanga. Macho na akili ndivyo vinavyobeba kazi hiyo. Ukimkalisha mtu huyo kutwa, mapaja nayo yanasinyaa, na safari ya chooni usiku inageuka vita.

Basi hiyo akili inayobeba miguu, nani huiacha itulie? Kariakoo hakuna anayetembea tu. Unahesabu chenji, simu inaita, bodaboda inakufuata hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu, njia yenyewe imejaa meza za vifuniko vya simu, na wakubwa wanapita na vioo vyeusi kana kwamba hawaoni. Akili ikihamia kwenye chenji, miguu imebaki yatima. Mwaka 1997 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Sweden: wazee waliolazimika kusimama kila walipoanza kuzungumza njiani ndio walioanguka zaidi miezi 6 iliyofuata. Kwa nini basi tuzoeze miguu peke yake, au tusiizoeze kabisa?

Zoezi la kuzoeza miguu na akili pamoja ni hili. Mzee akaguliwe nyayo kwanza, asiwe na kidonda. Avae viatu, asimame karibu na ukuta, mtu awe pembeni. Aweke kisigino mbele ya vidole, hatua kwa hatua, huku anahesabu kutoka 100 akipunguza 3 kila mara. Hesabu zikimchosha, ataje samaki: changu, kibua, jodari.

Nilipolieleza zoezi hili pale msibani, mama mmoja akaguna: "Mtu mzima ajihesabie kinyumenyume uani? Majirani watasema karukwa na akili."

Majirani! Hawa hawa wanaokuja kumjulia hali mgonjwa wa sukari na kreti la soda? Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina vijiko vya chai kama 9 vya sukari. Wenye hofu ya hesabu waanzie hapo.