Baraza ya Mwalimu: Mashine Moja, Mikono Minne



Wapenzi wasomaji, najua wapo watakaoshangaa kuona mzee aliyezoea kuwaandikieni juu ya methali na insha za watoto leo amegeukia gemu. Msinilaumu mimi. Alaumiwe mama yetu mmoja aliyenisimama mlangoni baada ya darasa la Kiswahili la Jumamosi, viatu mkononi, akaniuliza: “Mwalimu, mwanangu ataka Nintendo kwa Sikukuu. Ipo ya bei nafuu ambayo vishikio vyake vimeungana na kioo, na ipo ya bei kubwa ambayo vishikio vyake vyabanduka. Huko kubanduka kuna faida gani, au ni ujanja tu wa kutukamua fedha?”

Swali zuri, na kwa bahati nina la kulijibu, kwa sababu ambazo zitadhihiri hivi punde. Jawabu langu kwa ufupi: ukiwa na uwezo, nunua inayobanduka. Kwa urefu, tuketi kitako.

Mashine yenyewe inaitwa Nintendo Switch, na ilitoka mwezi wa Machi 2017. Ni kioo cha inchi 6.2, na ubavuni mwake vimo vidhibiti viwili viitwavyo Joy-Con. Kioo peke yake kina uzito wa gramu 297. Kidhibiti cha kushoto gramu 49, na cha kulia gramu 52. Nyuma ya kila kidhibiti pana kitufe kidogo cha mviringo. Ukikibonyeza huku ukisukuma kidhibiti juu, hutoka katika reli yake kama mtoto wa meza anavyotoka mezani, nacho huendelea kuzungumza na kioo bila ya waya wowote. Ile ya bei nafuu inaitwa Switch Lite, ilitoka Septemba 2019. Kioo chake ni inchi 5.5, vitufe vyake vimejengwa humo humo katika mwili wa mashine, na haiunganiki na televisheni. Mwezi wa Juni 2025 ikatoka Switch 2, ambayo vidhibiti vyake havipiti tena katika reli bali hunasa kwa sumaku. Mwenye vidhibiti vya zamani anaweza kuvitumia na hiyo mpya kwa mbali, lakini ubavuni havishiki.

Sasa, mtu atasema: kubanduka ni kubanduka, kuna nini hapo? Kuna hili. Kila kimoja katika vile vidhibiti viwili, ukikilaza ubavu, huwa kidhibiti kamili chenye kijiti chake cha kuelekeza na vitufe vyake. Maana yake ni kwamba aliyenunua mashine moja amekwisha kununua nafasi ya watu wawili. Unakitegemeza kioo juu ya meza kwa kiguu chake cha nyuma, huyu akashika cha kushoto, yule cha kulia, na mchezo ukaanza. (Kiguu cha ile Switch ya mwanzo ni chembamba na hakiaminiki sana, ile yenye kioo cha OLED, iliyotoka Oktoba 2021, ina kiguu kipana cha upana wa mashine nzima.)

Kwetu sisi jambo hili si geni. Bao la kete halichezwi na mtu mmoja. Mashimo 32, kete 64, na watu wawili wanaotazamana, na nyuma yao wengine wanne wasiocheza ila wanajua zaidi kuliko wachezaji. Mtoto aliyejikunja pembeni mwa sofa na kioo kilichoungana na vishikio vyake hana wa kumtazama, wala hana pa kumkaribisha mwenziwe. Nimeyaona hayo nyumbani kwangu mwenyewe, ndugu watatu, pembe tatu za chumba, kimya. Wala Wajapani hawakuanza juzi kulifikiri jambo hili. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, Famicom, ilikuwa na vidhibiti viwili tangu kiwandani, vyenye nyaya zisizochomoka, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake pa kulazwa ubavuni mwa mashine. Mkono wa pili ulikwisha kufikiriwa.

Nilisema zipo sababu za mimi kulijua jambo hili. Mwaka 2021 nilipatwa na kiharusi chepesi. Namshukuru Mwenyezi Mungu, ulimi wangu ulibaki salama na akili yangu naamini pia, ingawa mke wangu ana maoni yake. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, ambao hushika lakini huchoka. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka tisa, aliponipa mashine yake niijaribu, niliishika kwa mikono miwili kama msahafu, na kabla ya dakika tano vidole vya kushoto vilianza kutetemeka. Vidhibiti vikiwa vimo ubavuni, mashine nzima ina uzito wa takriban gramu 400. Si kitu kwa kijana. Kwangu ilikuwa kama ndoo ya maji.

Mtoto akanitazama, akaichukua, akavibandua vile vidhibiti bila ya kusema neno, akanipa kimoja katika kila mkono. Mkono wa kushoto nikaulaza juu ya paja, wa kulia juu ya mkono wa kiti. Gramu hamsini huku, gramu hamsini huku, na kioo kimesimama mezani peke yake. Mikono haikulazimika tena kukutana wala kubeba. Siku hiyo nilicheza nusu saa, na nilishindwa vibaya sana.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya Adhuhuri ana miadi na babu yake. Twapenda zaidi ule mchezo uitwao Nintendo Switch Sports, uliotoka mwaka 2022, ambamo mna kuviringisha tufe na kuangusha vipande kumi. Huo huchezwa kwa kidhibiti kimoja tu: unakishika, unaurusha mkono kama mwenye tufe kweli. Mkono wangu wa kulia unatosha. Na mchezo huo haukubali kuchezwa vidhibiti vikiwa vimebandikwa kiooni, kwa hiyo mwenye Lite hawezi kuucheza mpaka anunue Joj... samahani, Joy-Con za pembeni. Mjukuu wangu hunicheka kwa kulitamka jina hilo, na hata kalamu yangu imezoea kukosea.

Ninalotaka mlisikie ni jinsi tunavyozungumza. Mtoto huyu nikimwuliza kwa Kiswahili habari za skuli, hunijibu kwa Kisweidi, “bra”, basi, yamekwisha. Lakini mchezoni nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba mimi amri za Kisweidi sizifuati. Akitaka babu asitupe tufe ukutani, lazima anielekeze kwa lugha ya babu. Basi sasa nasikia: “Babu, lenga kulia kidogo. Siyo hivyo! Pole pole. Geuza mkono.” Wiki iliyopita alisema “umepotoka”, neno ambalo sikumfundisha mimi. Mwalimu wa miaka thelathini ubaoni amefundishwa njia ya kufundisha na kipande cha plastiki.

Kwa wazazi wenye mtoto mwenye mkono mmoja dhaifu, jueni pia kwamba tangu mwaka 2020 mashine hii inaruhusu kuhamisha kazi za vitufe. Kinachofanywa na kitufe kisichofikiwa hupewa kitufe kinachofikiwa. Hayo yamo katika mipangilio ya mashine, upande wa vidhibiti, na hayahitaji kununua chochote.

Ama kasoro zake, zipo, na sitazificha. Kidhibiti kimoja kikilazwa ubavu ni kidogo mno kwa mkono wa mtu mzima. Dole gumba langu hubonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Michezo mingine huhitaji vidhibiti vyote viwili kwa mchezaji mmoja, kwa hiyo tazameni nyuma ya kasha idadi ya wachezaji kabla ya kulipa. Chaji nayo inasumbua wasiojua: Joy-Con hukaa takriban saa 20, kisha hupata moto zikirudishwa ubavuni mwa mashine. Kile kishikilio cha plastiki kinachokuja ndani ya kasha, cha kuziunganisha mbili pamoja, hakichaji. Kinachochaji huuzwa mbali. Na zile kamba za kifundo cha mkono zina alama ya kujumlisha na ya kutoa. Kidhibiti cha kulia kina alama ya kujumlisha, cha kushoto ya kutoa. Linganisheni alama. Ukiipachika kinyume, inakwama, na kuitoa ni kazi ya jioni nzima. Msiniulize nimejuaje. Lakini kamba hiyo ivaliwe, hasa kama televisheni yenu bado mnailipia.

Tena kinachobanduka hupotea. Sisi tulipoteza cha kushoto, ama katika treni ya chini ya ardhi ama katika theluji, mpaka leo hatujui. Kheri ni kwamba huuzwa pia kimoja kimoja, kwa hiyo tulinunua nusu wala hatukununua mashine.

Ipo kasoro kubwa zaidi, nayo ndiyo inayowagharimu watu fedha bila ya sababu. Kijiti cha Joy-Con huweza kuanza kwenda chenyewe: mtoto hajagusa, na mtu wa kwenye kioo anatembea kushoto kama aliyerogwa. Ndani ya kijiti mna kitu kinachosugua juu ya njia nyembamba ya umeme. Ikichakaa au ikiingiwa na vumbi, mashine hupokea habari za uongo. Malalamiko yalikuwa mengi. Marekani kesi zilifunguliwa mwaka 2019. Mwezi wa Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu. Januari 2021 jumuiya ya vyama vya walaji vya Ulaya, BEUC, iliyapeleka mashtaka mbele ya Kamisheni ya Ulaya baada ya kukusanywa malalamiko takriban 25,000. Matokeo yake yalikuja mwaka 2023: Nintendo iliahidi kutengeneza bure vidhibiti vya Joy-Con vyenye ugonjwa huu katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na Sweden ni mojawapo, hata kama muda wa dhamana umekwisha, na hata kama sababu ni kuchakaa kwa matumizi.

Nimeona nyumba zenye jozi tatu za vidhibiti vibovu katika mfuko wa plastiki, na mama anaweka akiba ya kununua ya nne. Msinunue. Andikeni kwanza kwa idara ya matengenezo ya Nintendo. Na faida ya kubanduka inaonekana tena hapa: unatuma kidhibiti tu katika bahasha, mashine inabaki nyumbani. Kijiti cha Lite kikiugua, mashine nzima ndiyo inayosafiri.

Kadhalika msiisahau sheria ya hapa. Kwa vitu vilivyonunuliwa dukani tangu tarehe 1 Januari 2022, muuzaji anawajibika kwa kasoro ya asili kwa miaka mitatu, na katika miaka miwili ya mwanzo ni juu yake kuthibitisha kwamba kosa ni lenu. Mkiiona kasoro, lalamikeni ndani ya miezi miwili. Mwambieni muuzaji neno hili hasa: “Jag vill reklamera.” Akikataa, mwombeni aandike, kisha pelekeni shauri Allmänna reklamationsnämnden, ambako hakulipwi ada. Wengi wetu tunaona haya kurudi dukani kwa sababu ya lugha. Watoto wetu wanaijua lugha, nendeni nao.

Limebaki moja la nyumbani. Mwezi wa Desemba jua la Stockholm huchwa kabla ya saa tisa mchana, na Maghrib huwakuta watoto wameingia tu kutoka skuli, kanzu za baridi hawajavua. Zamani palikuwa na ugomvi kila siku. “Zima!” “Dakika moja!” Sasa bibi yao amepata dawa. Hazimi kitu. Hupita, akavibandua vile vidhibiti viwili, akavitia katika mkunjo wa kanga yake, akaenda kutawadha. Kioo hubaki mezani kikiwaka, na kwa michezo mingi hakuna awezalo mtu kukifanyia. Mchezo haukupotea, umesimama tu pale ulipoachwa, na kwa hiyo mtoto halii. Baada ya sala hurudishiwa, kimoja yeye, kimoja dada yake. Mkono mtupu ukiwa mmoja, nami huitwa.

Basi, mama yetu wa mlangoni, nunua inayobanduka. Ukitaka iliyotumika, usiinunue kwa picha. Nenda uione, bandua vidhibiti vyote viwili mbele ya muuzaji, virudishe, usikie mlio wa kunasa kila upande. Kisha ingia katika mipangilio, penye kupima vijiti, uachie mikono yako, utazame ile alama ya katikati. Ikitulia, lipa.

Wassalaam.