Jamani, Acheni Kutupa Deki!

Kila nikitaja mashine za video mbele ya wenzangu waandishi wa programu, nachekwa. "Wewe na takataka zako!" Haya. Leo tuzungumze basi, ndugu msomaji, maana ninyi mnaocheka ndio wenye kanda za harusi ya wazazi wenu juu ya kabati, na hamna cha kuzichezea.

Hoja yenu naijua: "Peleka dukani zihamishwe kwenye diski, halafu tupa." Na duka litazihamisha kwa kutumia nini? Deki! Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Ukitupa moja leo, hakuna mpya itakayoziba pengo. Wenye Video8 na Hi8 wana taabu zaidi, kwani wengi hawakuwa na deki yake kabisa; kamera ndiyo iliyorekodi na ndiyo iliyocheza.

Wengine, tena waliosomea tarakilishi kama mimi, husema siku moja itaandikwa programu ya kuiga deki. Mchezo wa zamani ni data tayari, unanakili na kumaliza. Kanda ni unga wa sumaku juu ya plastiki. Katika deki ya PAL, mfumo wa runinga tuliotumia Kenya, dramu yenye vichwa huzunguka mara 1500 kwa dakika ikisoma mistari ya mshazari kwenye ukanda wa nusu inchi. Hata vhs-decode, programu huria inayofanya kwa msimbo kazi nyingi za saketi za deki (na inazifanya vizuri ajabu), huanza na mawimbi ghafi kutoka vichwa hivyo hivyo. Bila mashine nzima, inabaki bure.

Na zinatengenezeka! Mara nyingi ubovu ni mdogo: mpira uliogeuka lami ndani ya redio kaseti, grisi iliyokauka, vichwa vichafu. Kamera nyingi za Hi8 za mwanzoni mwa miaka ya 1990 huuawa na kapasita ndogo zinazovuja na kula bodi. Kuzibadilisha kunataka mkono mtulivu na macho, si mtaji. Ila tafadhali, usisugue vichwa vya video kwa pamba ya masikio! Nyuzi zake hunasa na kuvunja ncha. Tumia ngozi laini iliyoloweshwa spiriti ya isopropili, ishikilie bila kuisogeza, zungusha dramu polepole kwa mkono. Kamwe usipeleke juu na chini.

Hasira yangu kubwa ni kwa baadhi ya hao wahamishaji. Nimeona kanda yenye kuvu jeupe ikitiwa kwenye deki vivyo hivyo, kisha ya mteja wa pili ikafuata kwenye vichwa vile vile. Mteja akapewa faili lililobanwa hadi uso wa bibi harusi umekuwa vijisanduku, na kuambiwa kanda haina kazi tena. Haina kazi vipi, na ndiyo yenye picha halisi?

Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda zisizohamishwa kufikia 2025 huenda zikapotea. Wao wana maabara. Sisi tuna mafundi wachache ambao wengi wao sasa wanatengeneza simu.

Kwa hiyo kama una deki stoo, itoe. Usiiwashe wala kuitia kanda. Fungua kifuniko kwanza, utazame mipira.