Walioachiana Vyote Isipokuwa Wao kwa Wao

Ndugu msomaji, wapo wazazi ambao hadi leo humkataa mchumba wa mtoto wao kwa sababu ya kabila au dini, wakisema, "Watu watatuonaje?" Kwa ajili yao nawakumbuka leo, kwa mapenzi, Seretse Khama na mkewe Ruth.

Seretse alikuwa mrithi wa utemi wa Wabamangwato, katika nchi ambayo sasa ni Botswana. Ruth Williams, Mwingereza, alikuwa karani mjini London. Walioana mwaka 1948. Baba yake Ruth hakuridhia. Wala Tshekedi, baba mdogo aliyemlea Seretse, hakuridhia.

Mwaka 1949 wananchi walikusanyika Serowe, wakamkubali kijana wao pamoja na mkewe. Serikali ya Uingereza, kwa kuwaogopa Makaburu, ikawaweka uhamishoni hadi mwaka 1956. Seretse aliacha utemi, mkewe hakumwacha.

Mwaka 1966 Seretse akawa Rais wa kwanza wa Botswana, na baadaye akawa mwenzi wa Mwalimu Nyerere katika Nchi za Mstari wa Mbele. Alipofariki mwaka 1980, Ruth hakurudi kwao. Alibaki Botswana hadi kifo chake mwaka 2002, akazikwa Serowe karibu na mumewe.

Wahenga walisema, kipendacho moyo ni dawa. Basi, ndugu mzazi, mwanao akikuletea mchumba, uliza kwanza tabia yake. Watu watasema siku mbili tatu, kisha watanyamaza. Wawili hao ndio watakaoishi pamoja.