ALIYEUZA AKAUFICHA UFUNGUO HAKUUZA



Mtu akikuuzia nyumba, akapokea fedha zako zote, kisha akabaki na ufunguo, jee, nyumba hiyo ni yako? Hata mtoto mdogo atajibu: siyo. Lakini hivyo ndivyo wauzavyo matrekta mabepari wa Marekani.

Trekta la leo si chuma kitupu, limetiwa kompyuta. Hitilafu ikitokea, kompyuta huweza kuipunguza nguvu injini au kuizima kabisa, na programu kamili ya kuitambua na kuiondoa hitilafu hiyo imo mikononi mwa mawakala wa kampuni. Mkulima huwa na spana, ujuzi na kipuri, na bado mavuno yakamharibikia shambani akimngoja wakala.

Mwezi wa Januari 2023 kampuni ya John Deere ilitiliana saini hati ya maafikiano na American Farm Bureau Federation, chama kikubwa cha wakulima. Kampuni iliahidi kutoa zana na maelezo. Chama kikaahidi kuyahimiza matawi yake ya majimbo yasiunge mkono sheria. Tazameni biashara hiyo! Haki imeuzwa kwa ahadi.

Colorado haikudanganyika. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule jimbo hilo liliweka sheria ya kutengeneza zana za kilimo, ya kwanza katika Marekani, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2024. Na Januari 2025 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliifungulia kampuni hiyo kesi. Kama ahadi ilitosha, kesi ya nini?

Wanasema wanalinda siri zao. Uwongo! Sheria ya Colorado haikumlazimisha mtengenezaji kutoa siri zake za biashara.

Wala msiseme kuwa haya ni ya Wamarekani. Zimo mifukoni mwetu simu ambazo fundi wa Darajani akizitia kioo kizima kilichotoka katika simu nyingine, programu hutoa onyo na kukinyima baadhi ya kazi zake. Jimbo la Oregon lilikataza hila hiyo kwa sheria ya mwaka 2024. Sisi twangoja nini? Fundi akifungiwa mlango, mnyonge ndiye atakayelipa.

Ndugu, ahadi ya tajiri hufutwa na tajiri. Tudai sheria. Mwenye mali apewe ufunguo wake!