Msamiati wa Kazi Si Orodha ya Ubaoni

Mwanachuo apelekwapo kufanya mazoezi ya kufundisha Garissa, Wajir au Mandera, au katika shule za kambi za Dadaab zilizoanza mwaka 1991, hukuta darasa ambalo lugha yake ya nyumbani ni Kisomali. Katika madarasa ya juu huwamo vijana wenye umri mkubwa ambao punde watauza dukani, watapakia mizigo au watafanya usafi katika zahanati. Wazazi wao wanataka Kiingereza kitakachowafaa kazini, nao wana haki. Basi mwalimu huandika ubaoni maneno ishirini ya kazi, wanafunzi huyanakili, na kesho yake huulizwa maana zake. Maoni yangu ni kwamba njia hii haitoshi. Pengine hata humdhuru mwanafunzi, kwa kumfanya aamini kuwa anajua.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wanachuo, kwani kosa hilo nimelitenda mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha darasa la jioni la watu wazima. Kijana mmoja, mpakizi katika ghala, alipata maneno yote ishirini katika jaribio langu. Juma lilo hilo msimamizi wake alimwamuru kwa Kiingereza ateremshe katoni kumi na tano. Yeye akateremsha hamsini, na gharama ya kosa hilo ikakatwa katika mshahara wake. Aliponisimulia alisema, "Macallin, maneno yote niliyajua. Sikujua namna ya kumwuliza." Kauli hiyo haijanitoka moyoni.

Tuanze na sikio. Maneno "fifteen" na "fifty" huachana mwishoni tu. Katika Kisomali, kumi na tano ni "shan iyo toban" na hamsini ni "konton". Hayakaribiani hata kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi hajapata kuzoezwa kutafuta tofauti mahali hapo. Kadhalika, Kisomali hakina sauti ya "p" wala ya "v". Ndiyo maana polisi huitwa "boolis", na pasipoti "baasaboor". Mfanyakazi wa zahanati asiyetofautisha "pill" na "bill" aweza kumpelekea mgonjwa hati ya malipo badala ya kidonge. Mwalimu asilichukulie jambo hili kuwa ni uzito wa ulimi wa kuchekwa. Awape wanafunzi karatasi nyepesi waishike mbele ya midomo: wakitamka "pill" vizuri karatasi hutikisika, wakitamka "bill" hutulia. Zoezi hili ni la dakika tatu, na halihitaji fedha.

Jicho nalo lina mtego wake. Tangu mwaka 1972 Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, lakini baadhi ya herufi hizo zimepewa kazi nyingine. Herufi "c" ni ile ain ya Kiarabu, na "x" ni ile ha nzito itokayo kooni. Mtoto aliyefunzwa kusoma lugha yake barabara, akikutana na "cash" au "box" kwa mara ya kwanza, ana sababu njema ya kukosea. Anafuata kanuni anayoijua. Mwalimu amwonyeshe kwamba herufi ni ile ile, ila kanuni zimebadilika.

Hata hivyo, Kisomali si kikwazo tu. Ni daraja pia. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunashiriki nacho maneno mengi ya kazi, kwa kuwa sote tuliyapata kwa Waarabu: "dukaan" na duka, "miisaan" na mizani, "xisaab" na hesabu, "mushahar" na mshahara. Hata lile neno "macallin" aliloniitia kijana yule ni ndugu wa mwalimu. Mwanachuo asiyejua Kisomali aweza kuanza somo kwa kuwauliza wanafunzi, "Hiki mwakiitaje nyumbani?" Papo hapo darasa litachangamka, na neno la Kiingereza litapata mahali pa kukaa.

Sasa nifikie jambo ninaloliona kuwa kubwa kupita yote. Neno la kazi si jina la kitu peke yake. Ni chombo cha kupokea amri, kuihakikisha na kuitekeleza. Kwa hiyo kila somo la msamiati wa kazi liwe na maswali yake. Katika kipindi cha dakika 35 maneno matano yatosha: "carton", "weigh", "pack", "price" na "receipt". Pamoja nayo zifundishwe sentensi tatu: "How many?", "Please say it again", na "One five, or five zero?" Sentensi hiyo ya mwisho ingaliokoa mshahara wa yule kijana. Mwalimu aangalie pia kwamba neno la Kisomali "immisa" hutumika kwa idadi na kwa bei, ilhali Kiingereza hutenga "how many" na "how much".

Zana ni katoni tupu, mizani na vipande vya karatasi. Mwanafunzi mmoja awe msimamizi, mwingine mfanyakazi. Msimamizi atoe amri kwa haraka, kama ilivyo kazini, na mfanyakazi asiruhusiwe kugusa katoni kabla hajauliza. Alama zitolewe kwa swali lililoulizwa vema, si kwa katoni zilizobebwa tu.

Wako watakaosema kwamba kukitaja Kisomali darasani kutachelewesha Kiingereza. Mimi naona sivyo. Mwanafunzi atalinganisha lugha hizo mbili kichwani mwake, tupende tusipende. Heri alinganishe mbele ya mwalimu awezaye kumwongoza. Wengine watasema maneno matano ni machache mno. Lakini matano kwa kipindi, yakifundishwa vipindi vinne, hutimia ishirini yale yale, na safari hii yatakuwa na sauti, macho na ulimi.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Shuleni mwanafunzi asiyeuliza hupoteza alama. Kazini hupoteza riziki. Mwanachuo utakayesimama mbele ya darasa hilo, kabla hujafuta ubao, jiulize: je, mwanafunzi wangu akiamriwa kesho asilolielewa, nimempa maneno ya kuulizia? Ikiwa bado, somo halijakwisha.