Ugonjwa wa bipola: uso wa mtoto si cheti cha uchawi

Kisa hiki kinajulikana katika familia nyingi za Bukavu, Goma, Butembo na Uvira. Kijana wa miaka 20, mwanafunzi mwenye akili, anaacha kulala. Siku ya tatu bado anaongea, anaongea haraka, amekopa pesa kwa kila jirani, amegawa nguo zake na anatangaza kwamba yeye ndiye gavana ajaye. Wiki chache baadaye anaanguka upande wa pili: hataki kula, hataki kuoga, anasema afadhali afe. Familia inakutana. Wa kwanza kutajwa ni shangazi mzee anayeishi peke yake kijijini. Wa pili ni mama mkwe. Kabla jua halijazama, kijana amekwisha kupelekwa kwenye chumba cha maombi.

Ugonjwa huo unaitwa bipola. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilikadiria kwamba watu milioni 40 duniani walikuwa nao mwaka 2019. Mara nyingi unajitokeza mwishoni mwa ujana, na ndiyo sababu familia inatafuta mtu aliyemharibu mtoto wakati huo huo: mwaka jana alikuwa mzima, mwaka huu si yeye, basi kuna mkono wa mtu.

Hapo ndipo utafiti wa kisayansi unaleta jambo ambalo wakaaji wa mashariki ya Kongo wangefaa kulisikia. Inawezekana ugonjwa unaoonekana kwa kijana wa miaka 20 ulianza kutayarishwa miaka 20 kabla, tumboni mwa mama, wakati ubongo ulipokuwa ukijengwa. Kazi hiyo ya ujenzi huacha wakati mwingine alama ndogo mwilini.

Mwaka 1968 nchini Marekani, Mary Waldrop na wenzake walitoa orodha ya alama hizo walipokuwa wakichunguza tabia za watoto wadogo. Ni vitu ambavyo mtu anaweza kuishi navyo maisha yote bila kuvitambua: kaakaa lililoinuka sana na kuwa jembamba, masikio yaliyokaa chini kidogo, macho yaliyoachana zaidi ya kawaida, kidole cha mwisho cha mkono kilichopinda kuelekea ndani, mstari mmoja tu unaokata kiganja, nafasi kubwa kati ya kidole gumba cha mguu na kile kinachofuata. Hakuna kinachouma, na hakuna kinachohitaji dawa.

Kwa nini kaakaa au sikio viseme lolote kuhusu ubongo? Kwa sababu mwanzoni ubongo na ngozi vinatoka katika tabaka moja la seli, na uso unajengwa sambamba na sehemu ya mbele ya ubongo. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unajifunga karibu na siku ya 28, mara nyingi kabla mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Pande mbili za kaakaa zinaungana kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kitu kikivuruga kazi katika siku hizo, kinaweza kugusa vyote viwili. Ubongo umefichwa ndani ya fuvu, lakini uso unabaki nje, unaonekana.

Mwaka 2010, watafiti wa Dublin, akiwemo John Waddington, walipima kwa miale ya leza nyuso za watu wenye bipola na za watu wasio nayo. Walikuta tofauti za umbo, hasa katika eneo la katikati ya uso, kuzunguka pua. Ni tofauti ndogo zinazoonekana kompyuta inapolinganisha watu wengi kwa pamoja, si jirani anapomtazama jirani.

Na hapa lazima breki ikanyagwe. Kwa skizofrenia, tafiti nyingi zimekuta alama hizi kwa wingi zaidi kuliko kwa watu wengine. Kwa bipola matokeo hayakubaliani: baadhi ya watafiti wanaziona, wengine hawazioni. Watu wengi wazima kabisa wana alama moja au mbili, na wagonjwa wengi hawana yoyote inayoonekana. Hakuna daktari mahali popote anayeweza kuangalia kaakaa la mtu na kusema huyu ana bipola. Ugonjwa unatambuliwa kwa kusikiliza: analala saa ngapi, ameanza lini, hali ilikuwaje miezi iliyopita, nani katika ukoo aliwahi kupata kitu kama hiki.

Kusisitiza hilo si kujificha nyuma ya maneno ya wataalamu. Katika nchi hii, kusoma miili ya watoto ni desturi iliyokwisha kuumiza wengi. Kichwa kikubwa, tumbo lililovimba, macho mekundu, kifafa, kukojoa kitandani: watoto wamefukuzwa nyumbani kwa sababu hizo, wamefungiwa njaa kwa jina la maombi, wamepigwa ili wakiri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi. Sheria ipo, lakini chumba cha maombi kilicho mtaa wa pili pia kipo. Mtu akipeleka huko habari kwamba "wazungu wamegundua alama za ugonjwa wa akili usoni", bila kueleza zaidi, atakuwa amewapa washitaki msamiati mpya. Kidole kilichopinda kitaanza kuhukumiwa kama macho mekundu yalivyohukumiwa.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya zaidi, nayo ni ya akina mama. Ukisema ugonjwa ulianzia tumboni, baba wa familia anaweza kugeuka na kumwuliza mke wake: ulikula nini, ulikunywa nini, ulimkosea nani? Mchawi ameondoka, mama amekalia kiti chake. Jibu lake liko katika utafiti huo huo. Urithi una nafasi kubwa katika bipola, na urithi hauchaguliwi. Tena, pacha wawili wanaofanana kabisa, walioshiriki tumbo moja na damu moja, mara nyingi mmoja anaugua na mwingine anabaki mzima. Hakuna kosa moja ambalo mama angeweza kuliepuka.

Kama kuna anayepaswa kuulizwa maswali kuhusu mimba, ni wenye silaha na wenye madaraka. Nchini Uholanzi, katika baridi ya 1944 na 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula na raia wakala hata vitunguu vya maua. Miaka mingi baadaye, watafiti walifuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati huo. Waliokumbwa na njaa katika sehemu ya pili na ya tatu ya mimba waliugua zaidi magonjwa makali ya hisia, huzuni nzito na bipola pamoja. Ni vigumu kusoma matokeo hayo bila kufikiri juu ya Kanyaruchinya na Bulengo, kando ya Goma, ambako wanawake walibeba mimba chini ya hema, wakila mara moja kwa siku, na siku nyingine bila kitu. Watoto wao sasa wanajifunza kutembea. Hakuna anayeweza kusema nani kati yao ataugua, na wengi hawataugua. Lakini chakula cha mama mwenye mimba ni kazi ya afya ya akili, hata kama katika bajeti za misaada kinaandikwa kwenye mstari mwingine.

Kwa waliokwisha kuugua, matibabu yanajulikana tangu zamani. Lithiamu ilionyeshwa na John Cade huko Australia mwaka 1949, na iko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima. Inahitaji damu ipimwe mara kwa mara, kwa hiyo bila maabara haifai. Dawa nyingine, valproati, inaweza kuharibu mtoto tumboni katika zile wiki za kwanza zilizotajwa hapo juu. OMS inashauri isitumiwe kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwanamke anayeimeza asiiache ghafla peke yake, amwone daktari kabla ya kupata mimba. Muuzaji wa farmasi anayeiuza bila karatasi ya daktari, bila hata kuuliza umri wa mteja, anacheza na watoto ambao bado hawajazaliwa.

Bukavu kuna Sosame, Goma kuna Tulizo Letu, vituo viwili vya shirika la kikatoliki la Frères de la Charité. Kutoka Shabunda au Walikale, kufika huko ni safari ya siku kadhaa kwa mwenye nauli. Chumba cha maombi kiko karibu zaidi, na mlangoni hakuna anayeuliza kijana amelala saa ngapi wiki hii. Muuguzi wa kituo cha afya cha kijiji anaweza kuliuliza swali hilo, akifundishwa.